Tarumbeta Zinazomngoja Mgeni Rasmi

Mwalimu Tarcisio alifariki Jumatano asubuhi, na ilipofika adhuhuri kundi la wasapu la wanafunzi wake wa zamani lilikuwa limejaa picha za mishumaa. Owino alizisoma akiwa mlangoni mwa ghala la kiwanda cha sabuni, Bugolobi, ambako ni msimamizi. Mshumaa, mikono inayosali, mshumaa mwingine. Kisha ukaingia ujumbe wa mwenyekiti wa chama, wakili Wanyama. Chama kingechapisha fulana zenye sura ya marehemu. Kingepeleka shada kubwa la maua. Na misa ya Jumamosi ikiisha, kabla mwili haujaanza safari ya kwenda kwao kaskazini, kingekodi gari la vipaza sauti lipige muziki wa beni.

Mstari huo wa mwisho Owino aliurudia. Mtu aliyewafundisha watoto wa Kampala kupuliza tarumbeta tangu vita vilipokwisha, asindikizwe na muziki wa kwenye flashi. Lori lililokuwa likipakia sabuni liliondoka bila yeye kulikagua, jambo ambalo wenzake kiwandani hawakuwahi kuliona.

Asingekasirika hivyo kama shule isingekuwa na vyombo. Vyombo vilikuwepo. Katika stoo ya shule, mwendo mfupi tu kutoka kiwandani, kulikuwa na seti nzima ya beni, tarumbeta, tromboni, tuba, klarineti na ngoma, vyote vipya, vimenunuliwa kwa michango ya wanafunzi wa zamani, Owino akiwa mmoja wao. Vilifika kabla ya Pasaka. Sasa mvua za Oktoba zilikuwa zimeanza, na hakuna mtoto aliyekuwa amevigusa, kwa sababu vilikuwa vinamngoja mgeni rasmi.

Huku zawadi ya shule haitolewi hivi hivi. Inakabidhiwa. Lazima aje mkubwa, akate utepe, aseme neno, apigwe picha ameishika, ndipo iwe zawadi. Kabla ya hapo ipo na haipo. Owino aliwahi kuona tangi la maji la kanisa likikaa kiangazi kizima na utepe mwekundu shingoni, na waumini wakilipita na madumu yao kwenda kisimani, na hakuna hata mmoja aliyeona ajabu. Yeye mwenyewe hakuona ajabu wakati huo. Safari hii mgeni rasmi alikuwa waziri. Alipangiwa siku, akasafiri. Akapangiwa nyingine, kukawa na uchaguzi mdogo mahali fulani. Baada ya hapo msaidizi wake akaacha kupokea simu.

Na vyombo vya zamani? Viliuzwa chuma chakavu wiki ile ile makasha ya vipya yalipofika, ili stoo ipate nafasi, na pia kwa sababu Wanyama hakutaka waziri aonyeshwe takataka.

Takataka hizo Owino alizijua moja moja. Alizipuliza.

Alizaliwa Nsambya, katika nyumba za reli, baba yake akiwa mfanyakazi wa reli kutoka upande wa Kisumu. Alianza sekondari mwaka mmoja baada ya vita vya themanini na sita, katika shule ambayo madirisha yake yalikuwa yamezibwa kwa mabati. Vita viliipitia shule hiyo vikabeba madawati, vitabu na hata vitasa vya milango. Mwalimu Tarcisio alikuja na gunia. Alikuwa amepiga tromboni miaka mingi katika beni ya polisi, na sasa polisi haikumtaka tena. Ndani ya gunia mlikuwa na tarumbeta zilizokanyagwa, tuba yenye tundu la risasi, na vipande ambavyo hakuna aliyejua vilikuwa vya chombo gani. Alivinyoosha kwa nyundo ya mbao, akaviunga kwa risasi ya kuchomelea, akaviziba kwa nta ya nyuki. Tundu la risasi alilifunika kwa kipande cha kopo la maziwa.

Kulikuwa na tatizo moja. Amri zake zote alizitoa kwa Kiswahili, kama alivyofundishwa depo ya polisi, na wanafunzi wengi walikichukia Kiswahili. Kwao hiyo ilikuwa lugha ya mtu aliyekuja nyumbani usiku na bunduki. Tarcisio aliposema, "Vuta pumzi," wapo walioinuka wakatoka nje. Owino, ambaye nyumbani kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya chai na ya magomvi, ndiye aliyekaa na kuwaeleza wenzake kwamba mzee hataki kitu chochote kwao isipokuwa hewa. Walimwita mwanajeshi wa Kisumu. Alivumilia. Mwisho wa mwaka huo beni ilipita barabara ya Bugolobi ikipiga, na watu waliokuwa wamezoea kujifungia ndani waliposikia vishindo vya miguu walitoka nje kutazama.

Ndiyo maana alikwenda Wandegeya Alhamisi jioni. Kamati ilikutana katika mkahawa nyuma ya maduka ya uchapaji, ambako Wanyama alikuwa akisubiri fulana zikauke rangi. Alikuwepo Otema, mfanyakazi wa benki anayependa kuchekesha watu, na Loice, katibu wa chama, anayeuza sare za shule Nakivubo. Loice ni binamu ya mke wa Owino, kwa hiyo wanaitana shemeji. Owino hakuagiza kitu. Alisema anataka stoo ifunguliwe kesho, watoto wafanye mazoezi, Jumamosi wampigie mwalimu wao.

Wanyama ana sauti ya mahakamani, haipandi.

"Ndugu yangu, vyombo hivyo bado si vya shule."

"Ni vya nani?"

"Ni vyetu, mpaka vikabidhiwe."

"Kama ni vyetu, mimi ni nani?"

"Wewe ni mwanachama, tena mzuri."

"Basi nimekuja kuazima changu."

Otema akasema wampe, lakini kwa mchango aliotoa atapata pistoni moja, kitufe kimoja tu cha tarumbeta, akaipulizie kando ya jeneza. Meza ikacheka. Hata Loice alicheka kidogo, kisha akajaribu kumweleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Waziri atashikaje mbele ya kamera tarumbeta iliyoanzia kazi matangani? Wasaidizi wake wakisikia kwamba vyombo vimetoka kwa maiti, siku ya makabidhiano hatakanyaga. Na Wanyama akaongeza kwamba zipo picha za kufikiria, maana shaba ikichubuka inaonekana.

Owino alisikiliza hayo yote mpaka mwisho. Alipozungumza, alimtazama Wanyama peke yake.

"Mwezi wa sita Mwalimu alikuomba uingie naye stoo atie pistoni mafuta. Alikuomba wewe, uliyekuwa tarumbeta yake ya kwanza."

Wanyama akaigeuza simu yake juu chini mezani. "Nilimwambia asubiri kidogo."

"Amesubiri," alisema Owino, akatoka.

Hakwenda kulala akiwa na mpango wowote. Alikuwa na hasira tu, na asubuhi ya Ijumaa hasira ilikuwa bado ipo, imetulia, kama mtu aliyehamia nyumbani. Aliomba ruhusa kazini akashuka Nakivubo. Mlango wa stoo ulikuwa na kufuli mbili, moja ya shule na moja ya chama, ili mmoja asiweze kufungua bila mwenzake. Ufunguo wa chama ulikuwa kwa Loice.

Alimkuta akimpimia mtoto sweta mbele ya mama yake. Loice alimwona, akasema bila kuacha kazi kwamba kama amekuja kumgombeza apange foleni nyuma ya wateja. Owino alipanga foleni kweli. Zamu yake ilipofika alisema hakuja kubembeleza. Alikuja kuarifu. Akiukosa ufunguo atachukua msumeno wa kiwandani, atakata kufuli mchana kweupe, na yeye kama katibu aandike jina la Owino katika kundi namna anavyotaka.

Hakumkumbusha kitu. Hakumkumbusha kwamba siku alizokuwa msichana mwembamba wa kidato cha pili walimu wengine walisema msichana kuweka klarineti mdomoni si adabu, na Tarcisio akawajibu kwamba polisi hawajawahi kumkamata mtu kwa kosa hilo. Pengine hakuhitaji kukumbushwa. Alikata uzi uliokuwa ukining'inia kwenye sweta, akautupa.

"Usiikate," alisema. "Kufuli hiyo niliinunua mimi."

"Basi?"

"Basi nisubiri nifunge duka. Na unibebee hivi vitambaa, shemeji. Kama vitatoka, vitatoka vimefutwa."

Mwalimu mkuu, Bi Alal, aliwapokea ofisini akiwa hana raha. Ni mwanamke mwenye haki, lakini shule yake inaishi kwa hisani ya watu, na mtu wa namna hiyo hujifunza kutosikia mambo. Aliwaambia kwamba marehemu alikuwa akija kila Jumatatu kuuliza siku ya makabidhiano, na tangu mwezi wa nane aliendelea kuja ila aliacha kuuliza.

"Sasa mimi nitafanya nini?" alisema. "Hii vyombo iko na wenyewe. Mimi nalinda tu."

"Wenyewe ndio sisi, nnyabo," alisema Loice, akaweka ufunguo wake mezani.

Bi Alal aliusogeza kando. Kisha akafungua droo, akatoa wake.

Stoo ilinuka unyevu. Makasha ya chini yalikuwa yameota ukungu mweupe, na walipofungua la kwanza wakakuta tarumbeta ndani ya nailoni yake, nzuri, inang'aa, na pistoni zote tatu zimekwama. Tuba ilikuwa imeanza rangi ya kijani kwenye maungio. Loice alikaa sakafuni na sketi yake ya dukani akaanza kufuta, akisema maneno ambayo katibu hayaandiki. Owino alitia mafuta ya cherehani aliyoyapata kwa fundi wa shule, akabonyeza, akabonyeza, hadi pistoni moja baada ya nyingine zikaanza kushuka.

Halafu wakaitwa watoto wa beni.

Hapo ndipo Owino alipojua ukubwa wa kilichofanyika. Wale wakubwa waliojua nyimbo walikuwa wameondoka zao. Mtoto hakai na beni isiyo na vyombo. Walikwenda kwenye mpira na kwaya. Waliobaki walikuwa wa vidato vya chini, na tangu Pasaka Tarcisio alikuwa akiwafundisha kwa vipande vya mpira wa kumwagilia bustani, ambavyo mwishoni alichomeka vile vikombe vidogo vya shaba vinavyowekwa mdomoni, vya vyombo vya zamani. Walikuja navyo mikononi. Kila mmoja alikuwa na mpira wake, na mipira hiyo ilikuwa misafi kuliko chochote ndani ya stoo.

Aliwagawia vyombo. Aliwataka wapige wimbo wa maziko ambao yeye angeupiga hata akiwa usingizini. Ikatoka kelele isiyo na jina. Akawasimamisha, akawafokea, akawaambia waanze tena. Ikatoka ile ile. Alikuwa amekwisha kuinua mkono awafokee mara ya tatu wakati msichana wa tarumbeta, Whitney, aliposema kwa sauti ya chini:

"Sir, vidole bado hatujafundishwa. Mwalimu alisema vidole tutaanza waziri akija."

Owino alishusha mkono. Alitoka nje, akasimama ukutani, na Loice aliyemchungulia mlangoni aliamua kumwacha. Aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyeosha sura kwa maji ya baridi. Aliwauliza wanajua nini. Walijua kuvuta pumzi. Walijua kushika sauti moja, ndefu, wote pamoja, bila kutetereka, kwa maana hiyo ndiyo aliyoanza nayo Tarcisio kwa kila mwanafunzi, na kwenye mpira wa bustani huwezi kupata zaidi ya hiyo. Wakashinda na sauti hiyo hadi jua likaelekea kuzama na midomo ya watoto ikavimba.

Jumamosi, misa ilipokaribia kwisha, Owino aliwapanga watoto uani, kati ya mlango wa kanisa na gari lililokuwa limefungua mlango wa nyuma kupokea jeneza. Wanafunzi wa zamani walijaa, wamevaa fulana. Sura ya Tarcisio ilikuwa kwenye vifua vya watu ambao baadhi yao walikuwa hawajamwona tangu wamalize shule. Gari la vipaza sauti lilikuwa limeegeshwa kwenye kivuli, na muziki wa beni ya nchi nyingine, safi, usio na kosa hata moja, ulikuwa ukivuma hadi barabarani. Owino alimwendea mwendeshaji akamwomba auzime. Yule kijana akajibu kwamba amelipwa na mheshimiwa pale, hana amri nyingine.

Wanyama alikuwa ameshaviona vyombo. Alikuja haraka lakini bila kukimbia.

"Unajua unachokifanya, Owino?"

"Mwambie azime."

"Waziri akikosa kuja, watoto hawa hawa ndio watakaoumia. Umelifikiria hilo?"

"Watoto hawa hawajui vidole," alisema Owino. "Mwambie azime, Wanyama, au nitaung'oa waya mbele ya jeneza, na picha hiyo ndiyo itakayoonekana."

Jeneza lilikuwa mlangoni. Wanyama aliangalia jeneza, akaangalia watu, akamwashiria kijana. Uani kukawa kimya, kimya cha ghafla kinachowafanya watu watazame viatu vyao.

"Vuta pumzi," alisema Owino kwa Kiswahili, na hakuwa amepanga kusema kwa lugha hiyo. "Shika."

Sauti ilitoka. Haikuwa nzuri, na mtu akisema ilikuwa nzuri anamsingizia marehemu. Tarumbeta moja ilipasuka katikati, tuba ilichelewa. Lakini ilikuwa sauti moja, nzito, na wabebaji wakaanza kutembea ndani yake. Ilipokwisha, watoto wakavuta pumzi tena, wote kwa pamoja, na pumzi yenyewe ilisikika. Ngoma kubwa ikaweka hatua. Katika umati, watu wazima waliovaa fulana walijikuta wameweka migongo sawa na midomo imebana, wanavuta pumzi na watoto, mtu wa bima, mtu wa benki, yule Otema aliyekuwa ametania juu ya pistoni. Otema alilia bila kujificha.

Owino hakulia. Alikuwa akihesabu kichwani nyimbo ambazo watoto hao wangekuwa wanazipiga sasa kama wangekabidhiwa vyombo tangu Pasaka na mtu aliyekuwa hai, tena mwenye hamu, kuwafundisha vidole. Mwalimu alipigiwa sauti moja, mtu aliyejua mia. Kila mara watoto waliposhika sauti hiyo, hasira yake ilishika nayo.

Na kabla mlango wa gari haujafungwa sawasawa, Wanyama alikuwa na kipaza sauti. Alisema kwamba chama, kama wote walivyosikia, kimeona ni heshima kuleta vyombo vyake vipya kumsindikiza mwalimu. Alisema ni mfano wa wanafunzi wa zamani kuirudishia shule yao. Watu wakapiga makofi. Loice, aliyekuwa kando ya Owino na vitambaa begani, alimkamata mkono wa shati akamnong'oneza amwache aseme, gari liondoke kwanza. Gari likaondoka. Hapo Owino akawaongoza watoto kurudi shuleni, vyombo mabegani, na hakuviingiza stoo. Aliviweka katika darasa la beni, juu ya madawati.

Jumapili alitolewa katika kundi la wasapu. Loice alijitoa mwenyewe, baada ya kuandika sentensi moja ambayo wengi waliipiga picha. Jumatatu Wanyama alipiga simu. Alikuwa mtulivu, karibu mchangamfu. Ofisi ya waziri ilikuwa imesikia habari za mazishi na imependezwa, imetoa tarehe ya mwezi ujao. Kwa hiyo vyombo virudishwe makashani, ving'arishwe, vifungiwe. Vile vilivyochubuka ataona namna ya kuvibadilisha. Hana kinyongo.

"Mwezi ujao watoto watakuwa wanajua nyimbo mbili," alisema Owino. "Mwambie waziri aje asikilize. Asipokuja, watapiga."

"Owino, kuna utaratibu."

"Njoo Jumamosi asubuhi nitakapokuwa nawafundisha. Uwanyang'anye mwenyewe."

Maana hilo lilikuwa limeamuliwa bila mtu kulitamka. Beni haikuwa na mwalimu mwingine. Alimwambia mkuu wake wa kazi kwamba Jumamosi asimtegemee tena, na mkewe alipouliza nani atampeleka sokoni alijibiwa kwa ukali, na kuombwa radhi baadaye.

Wanyama hakuja. Alituma pikapu na mpakiaji. Mtu huyo aliingia darasani na kamba begani, akauliza kwa adabu nani anahusika na mzigo. Owino alimwonyesha watoto. Walikuwa wamekaa mistari mitatu, midomo imebana kwenye shaba, wamemkodolea macho mgeni, na hakuna hata mmoja aliyeshusha chombo. Tuba ilikuwa tayari na bonyeo jipya ubavuni, mahali ilipogonga mlango. Mpakiaji alitazama mstari wa mbele, akatazama wa nyuma, akasema yeye aliambiwa ni makasha, hakuambiwa ni watu. Akarudi kwenye gari lake.

Owino hakumsindikiza. Alikuwa bado amekasirika, na mtoto wa tuba alikuwa anapuliza kwa mashavu badala ya tumbo, kwa hiyo akageuka kumkaripia huyo.